Umri wa Mnazi wa Fumba

Siku mtu wa kwanza alipoanguka kutoka mbinguni akatua Mnazi Mmoja, mji wa Unguja ulikuwa umeshaambiwa tangu asubuhi, tena kwa kipaza sauti, kwamba asiogope mtu. Watu wakaogopa vile vile. Bibi mmoja wa Mkunazini alilitupa sinia lake la vitumbua akakimbilia msikitini na buibui mkononi, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba kunguru wa mji walihamia Bagamoyo kwa wiki nzima, kwa fedheha, maana walikuwa wakijidhania wao ndio wenye anga. La kunguru aliyetaka kuliamini aliliamini.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya Mapinduzi, zama ambazo kila meli iliyotia nanga ilishusha mgeni mwenye jambo jipya la kufundisha: huyu trekta, yule tarumbeta, yule mazoezi ya viungo. Waliokuja na miavuli ya kurukia walikuwa wawili, pamoja na kindege chao chenye mlio wa cherehani bovu. Kikaundwa Chama cha Vijana wa Miavuli, na sharti likatangazwa pale pale uwanjani: anayetaka kuruka awe na afya njema, ajue kusoma, na awe ametimiza miaka kumi na minane. Si kumi na saba na kitu. Mwalimu mkubwa, ambaye vijana walimpa jina la Bwana Sawa kwa kuwa hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua, alivinyanyua vidole, akavifumba, akavinyanyua tena, mpaka hata viziwi wakafahamu.

Machano alikuwa mbele kabisa, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu. Aliitazama ile nguo nyeupe ikishuka imejaa upepo, na yule mtu chini yake amening'inia kimya, kama asiyekuwa na haraka na mtu wala ugomvi na mtu. Vijana wenzake walitaka baiskeli, au walitaka binti wa watu. Yeye tangu siku ile alitaka kuanguka.

Na kwao neno hilo halikuwa neno la kutamkwa. Baba yake alikuwa mkwezi huko Fumba, mkwezi wa kusifiwa, na siku moja alipanda mnazi mzima akashuka maiti, Machano ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Mama yake, Bi Kazija, hakungoja hata msiba upoe. Alimbeba mwanawe akahamia mjini, Vikokotoni, akawa anapika mikate ya kumimina ya kuuza, na tangu hapo hakutaka kuona mtu na kitu kirefu. Hata jirani akiegemeza ngazi ukutani, Bi Kazija alikaa chini mpaka ngazi iondolewe. Tena alikuwa mwanamke mkweli, ukweli wa kuudhi. Ukimuuliza kama mkate huu ni wa leo, atakwambia ni wa juzi, na kisha anakutazama aone utafanya nini.

Machano aliporudi kutoka uwanjani akamweleza mama yake kila kitu, mate yakimruka. Mama mtu akasikiliza huku anakoroga unga. Akauliza sharti ni miaka mingapi. Alipotajiwa, mkono ukatulia kidogo, kisha ukaendelea kukoroga.

"Basi ngoja ufike," alisema.

Machano akalichukua neno lile kuwa ni ruhusa.

Sasa, alikuwa na miaka mingapi? Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa mjini alizaliwa hospitali akapewa cheti. Mtoto wa shamba alipewa mnazi. Fumba, siku kitovu cha mtoto kinapodondoka hufukiwa shambani, na juu yake hupandwa nazi iliyochipua. Mtoto na mnazi wanakua pamoja, kila mmoja ni shahidi wa mwenziwe. Ukitaka kujua umri wa mtoto wa mtu huwaulizi watu. Kumhesabia mtoto miaka ni kumtia jicho, na jirani mwenye adabu akiulizwa hujibu kwamba mtoto wa fulani mkubwa sasa, mashaallah, akanyamaza. Unauuliza mnazi. Kila kuti likianguka linaacha kovu lake kwenye shina, na mkwezi aliyebobea huyapapasa yale makovu akakwambia mnazi ulipandwa lini, mwaka gani ulipata kiu, mwaka gani ulishiba.

Mnazi wa Machano ulikuwa huko Fumba na yeye alikuwa hajauona tangu utoto. Skuli alitiwa kwa mkono: pitisha mkono juu ya kichwa, ukilishika sikio la upande wa pili, umekua, ingia. Na mama yake akiulizwa alikuwa na jibu moja, kwamba Machano kazaliwa mwaka wa karafuu nyingi. Miaka ya karafuu nyingi kisiwani ilikuwa mingi kama karafuu zenyewe. Machano akajikadiria mwenyewe, kwa kujilinganisha na wenzake wa darasani, kwamba ana kumi na sita. Akaanza kungoja.

Alingoja kwa bidii, maana kungoja nako kuna watu wanakujua. Darasa la chini la chama lilikuwa wazi kwa kila kijana. Kilichohitaji umri ni kupanda ndege tu. Akajifunza kuukunja mwavuli juu ya meza ndefu, kamba moja moja bila ya kusokotana, mpaka Bwana Sawa akawa anauchukua alioukunja yeye na kuwaonesha wengine. Akajifunza kuruka kutoka kwenye jukwaa, miguu pamoja, magoti yamekunjwa, kisha kubiringika kwenye mchanga. Nyumbani alianza na baraza, akenda kwenye ukuta, akamalizia kwenye paa la banda la makaa. Watoto wa Vikokotoni wakamwita Kunguru, na kila akipita walimuuliza kama ametaga.

Ami yake Kificho, mdogo wa marehemu baba yake, alipokuja mjini kuleta nazi alimkuta juu ya lile paa. Kificho alikuwa mkwezi na alikuwa muongo, na katika kazi zote mbili hakuwa na mpinzani kuanzia Fumba mpaka Kizimkazi. Aliitazama ile miruko akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema hawa Wazungu wamechelewa, yeye mambo haya kayamaliza zamani. Mwaka wa dhoruba alikuwa juu ya mnazi, kashika kuti kubwa, upepo ukamng'oa yeye na kuti lake, ukamvusha maji yote ya ghuba, ukamshusha taratibu kwenye harusi kisiwani Uzi. Watu wakadhani ndiye bwana harusi aliyekuwa akingojewa.

"Wallahi biriani nshakula na maji ya kuoshea mkono nshapewa," alisema, "ndipo akatokea mwenye mke. Sasa nyie mnangoja kumi na minane, kumi na minane ya nini? Mie nani aliniuliza?"

Machano alicheka siku ile. Alikuwa bado anaweza kucheka.

Miaka miwili ikapita. Akaota ndevu, sauti ikazama, na asubuhi moja akavaa shati safi akenda kujiandikisha. Pamoja naye alikwenda Masoud, kijana wa Malindi, aliyekuwa nyuma yake skuli kwa madarasa mawili. Masoud hata kuruka hakuwa na hamu nako; alichokipenda ni zile buti. Lakini Masoud alikuwa na cheti cha hospitali. Akakitoa, kikatazamwa, akaambiwa apite. Machano akaulizwa chake. Akasema hana, yeye ni wa Fumba. Akaambiwa basi aende kwa Mwenyekiti wa Tawi lake, umri wake ukathibitishwe.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Nahodha, mtu mzima mwenye haki, asiyekula cha mtu. Machano alimwambia amtazame tu, hizi ndevu si za mtoto. Mzee Nahodha akamtazama.

"Ndevu hata beberu anazo," alisema, "na hana mwaka. Mnazi wako uko wapi, baba?"

Wakenda Fumba kwa gari ya chama. Mbele alikaa Bwana Sawa, aliyetaka kuona watu wanavyosoma umri kwenye mti, na Mwenyekiti. Nyuma Machano na mama yake. Njia nzima Machano alizungumza, Bi Kazija akatazama nje. Walipofika shambani watu wa Fumba walikuwa wamekusanyika, na Kificho kashajifunga kamba miguuni, anangojea kuamrishwa kama askari.

Mnazi ulikuwa mzuri, umesimama wima. Kificho akaukwea polepole huku anapapasa shina, midomo inamchezacheza. Machano alikuwa amesimama chini na tabasamu. Aliwaza kwamba ami yake ni muongo, na ni damu yake. Kama kuna upungufu wa miezi miwili mitatu, nani aliyefaa zaidi kuujaza? Lakini Kificho, mtu ambaye tangu azaliwe hajapata kusema neno la kweli bila ya kulitia chumvi, aliona wakubwa wote wale wamenyanyua macho wanamngojea yeye, fundi, na ufundi ukampanda kichwani. Alishuka, akajifuta jasho, akasema kweli tupu.

"Kumi na sita, Mwenyekiti. Tena haijatimu vizuri. Mnazi haudanganyi."

Kweli hiyo moja ndiyo iliyomuumiza Machano kuliko uongo wote wa Kificho ukiupima kwa pishi. Akasema haiwezekani. Akasema wahesabu tena. Watu wa Fumba wakatazama chini, kila mmoja na adabu yake. Mzee Nahodha, kwa kutaka kumaliza mambo kwa haki, akamgeukia mzazi.

"Bi Kazija, wewe ndiye uliyemzaa. Hapa ndipo kilipofukiwa kitovu cha mwanao?"

"Kitovu chake kimelala hapo hapo ulipokanyaga, Mwenyekiti," alisema Bi Kazija.

Mzee Nahodha akaondoa mguu haraka, akaomba radhi. Bwana Sawa akasema sawa. Wakapanda gari wakarudi mjini, na safari hiyo aliyetazama nje njia nzima ni Machano.

Akangoja tena. Kungoja kwa mara ya pili si kama kwa mara ya kwanza; mara ya kwanza unangoja kitu, mara ya pili unawangoja watu wamalize kucheka. Kazi ya kukunja aliendelea nayo kwa kuwa hakuna aliyekunja kama yeye. Mwavuli wa kwanza alioruka nao Masoud ulikunjwa na Machano. Masoud alitapika ndani ya ndege, akalia, akasukumwa, akatua juu ya shamba la muhogo la watu, na jioni yake alibebwa mabegani kutoka Darajani mpaka Malindi. Machano alimuuliza juu kukoje. Masoud akasema hakuona kitu, alifumba macho, ila buti moja inambana kidogo. Machano akaondoka asije akampiga.

Ilipofika mwaka wa sabini ikasikika habari kwamba walimu wale wanarudi kwao. Mkataba umekwisha, na kindege chao wanakwenda nacho. Darasa moja la mwisho litarushwa baada ya mfungo, kisha basi. Kwa hesabu ya mnazi, Machano angetimiza umri baada ya Idi Kubwa. Idi Kubwa ndege itakuwa haipo. Akaenda kumsihi Bwana Sawa, akamwambia kwa mikono na kwa macho. Bwana Sawa, ambaye kwa kweli alimpenda, alinyanyua vidole vile vile, akavifumba, akavinyanyua. Safari hii hakusema sawa.

Mwezi ule akaja mjini Bi Mwanakheir, mkunga mkongwe wa Fumba, kutazamwa macho hospitali, akafikia kwa Bi Kazija kama ilivyo desturi. Mchana mmoja Bi Kazija yuko sokoni, Machano alimletea bibi maji ya kutawadha, akampa shikamoo. Bi Mwanakheir akaitikia marahaba, akamshika uso, akaupapasa kidevu mpaka masikio.

"Mashaallah, umekuwa jibaba," alisema. "Na mimi siku zile nilikuwa nikikulilia. Nilisema kwa mnazi ule kuliwa na chonga, mtoto huyu hatunaye."

Machano akauliza mnazi gani.

Kizee kikafurahi kupata msikilizaji. Akaeleza kwamba mnazi wa kitovu wa Machano uliingiwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, ukiwa bado mche, ukafa kwa ndani. Ulikufa mwezi ule ule baba yake alipoanguka. Na mnazi wa kitovu ukifa, watu wanamtazama mtoto kwa jicho la kumuaga. Bi Kazija, hata eda hajaanza vizuri, alimwamsha Bi Mwanakheir alfajiri, wakenda shamba wawili tu, wakaung'oa mche uliokufa, wakapanda mwingine pale pale, na Bi Mwanakheir akasoma alichojua kusoma. Kisha mtoto akahamishwa mjini asionekane. Hakuna aliyejua, hata Kificho, aliyekuwa Pemba kuchuma karafuu mwaka ule.

"Wewe na mnazi ule si wa siku moja, baba. Ulipopandwa, wewe ulikuwa unatukimbilia miguuni. Tulikufukuza usije ukaukanyaga."

Machano hakungoja mama yake atue kikapu.

"Mama, mnazi wangu ulikufa."

Bi Kazija akamtazama mgeni wake aliyekuwa anasali pembeni, akafahamu. Akakitua kikapu, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja.

"Ulikufa. Wewe hukufa."

"Mie nna miaka ishirini, mama. Nlikuwa nna kumi na minane siku ile ile, umesimama pale unatazama. Nenda kwa Mwenyekiti ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kweli. Si wewe Bi Kazija wa kweli, mji mzima unakujua?"

"Nshasema kweli. Kaniuliza kitovu, nkamjibu kitovu. Hakuniuliza mnazi."

"Ndege inaondoka, mama."

"Nnajua inaondoka. Na mie ndilo nnalolingojea." Akaacha kutoa vitu. "Mumeo akianguka mbele ya macho yako, Machano, unasikia kwanza, kisha ndiyo unaona. Nlisikia. Unataka nikae chini mara ya pili, nitazame juu, ningojee kusikia? Sendi kwa mtu."

Akaenda Machano mwenyewe. Alimshika mkono Bi Mwanakheir, akamsihi njia nzima, na kizee kikakubali, maana hakikuona ubaya wa kusema lililotokea. Bi Kazija aliwafuata nyuma kwa mbali, buibui limemfunika, na walipoingia kwa Mwenyekiti naye akaingia, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Mzee Nahodha alimsikiliza Machano mpaka mwisho. Kisha akavua kofia akaiweka mezani, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema yeye kama yeye hana neno. Lakini alikwenda Fumba kwa jina la Tawi, na alikwenda na mgeni wa serikali. Ikiwa mambo ndivyo yalivyo, basi Bi Kazija kalidanganya Tawi mbele ya mgeni, na jambo hilo haliishi hapa mezani kwake. Itambidi Bi Kazija aende akajieleze kwa wakubwa.

Kila mtu mle chumbani alijua maana ya kwenda kujieleza. Jirani yao wa nyumba ya pili alikwenda kujieleza kwa habari ya gunia la mchele, na mkewe alikuwa bado anampelekea chakula.

"Sasa, Bi mkubwa," Mzee Nahodha alimwambia mkunga, "nakuuliza wewe. Mnazi ule ulipandwa mara mbili?"

Bi Mwanakheir akageuza uso kuelekea mlangoni, alikokuwa Bi Kazija, ingawa kwa macho yale hakuweza kuwa anamuona.

"Mwanangu," alisema, "mie nimezalisha Fumba nzima. Ntakumbuka mnazi wa nani? Macho hayapo, na akili imefuata macho. Huyu kijana kanishika mkono, kanambia twende, nkaja."

Machano alijua la kufanya. Neno moja tu lilitosha: wakachimbe. Kipande cha mzizi wa ule mche wa kwanza huenda kilikuwa bado kiko chini, na Kificho kwa vidole vyake angekijua. Neno lilifika mpaka ulimini. Akamtazama mama yake. Bi Kazija alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe, vidole vya miguu vimejikunja, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kitu kirefu. Hakumwambia aseme. Hakumwambia asiseme. Alimwachia.

"Nimesema uongo, Mwenyekiti," alisema Machano. "Bibi hana kosa. Mama hana kosa. Nlitaka kuruka, nkabuni."

Bi Kazija hakunyanyua uso. Mzee Nahodha akavaa kofia yake. Alisema kijana anayesema uongo kwa ajili ya kupanda ndege atasema uongo hata akiwa juu, na huko juu uongo unaua watu. Jina lake likatolewa katika chama, hata ile kazi ya kukunja akaambiwa aiwache. Jioni ile Bi Kazija alimpikia mwanawe boko boko, chakula cha sikukuu, akaweka na sukari juu kama anavyopenda. Boko boko likalala mpaka likaota ngozi, asubuhi wakapewa kuku.

Siku ya darasa la mwisho Machano alikuwa juu ya paa la banda la makaa. Aliihesabu miavuli ikifunguka upande wa Kisauni, akaona mmoja umechelewa kidogo kufunguka, akajua kwamba kamba zimekunjwa na mtu mwengine. Ukafunguka. Chini watoto walimuuliza Kunguru kama leo hatagi. Siku chache baadaye kile kindege kikapita juu ya mji, kikapiga mbawa kwa kuaga, na watu wakatoka mabarazani kupunga mikono. Bi Kazija naye alitoka, akapunga na kanga.

Wiki ile ile Machano alikwenda Fumba kwa miguu, akaazima shoka. Kificho alimkuta keshakata nusu ya shina. Alidhani mzaha, kisha akadhani wazimu, kisha akakaa chini. Mtu hakati mnazi wake wa kitovu. Ni kama kulichimba kaburi lako ukapima na urefu. Kificho safari ile hakutia chumvi. Alisema tu kwamba yeye aliusoma vizuri, mnazi ule, aliusoma sawa sawa. Machano akamjibu kwamba anajua, ami, uliusoma sawa sawa. Mnazi ukaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika, na watu wa Fumba wakatoka majumbani wakasimama mbali.

Alirudi mjini alasiri. Bi Kazija alikuwa barazani na wanawake wa mtaa, wanachambua mchele wa foleni, na mke wa Mzee Nahodha yuko kati yao. Machano alikuwa na malengelenge mikononi na vumbi mpaka kwenye kope. Aliweka mbele ya mama yake kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua. Ndani mlikuwa na shaha, moyo wa mnazi, mweupe, bado una maji. Hakuna mwanamke wa Unguja asiyejua kwamba moyo ule hautoki mpaka mnazi umeuawa.

"Umeutoa wapi?" Bi Kazija aliuliza.

"Fumba."

Mikono yote juu ya ungo ikasimama. Mwanamke mmoja akasema innalillahi kwa sauti ya chini, na mke wa Mwenyekiti akaanza kumtazama Machano kwa lile jicho, jicho la kumuaga, kuanzia miguuni kupanda juu. Bi Kazija akaliona. Akamega kipande cha shaha, akakitia mdomoni, akatafuna, na bado anatafuna akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu, kama anayetangaza bei ya mkate:

"Mnitazamie mtoto wangu vizuri. Mnazi huu si wake. Wake uliliwa na chonga, yeye anakimbia. Huu nliupanda mie baadaye, na Bi Mwanakheir anajua. Huyu ana miaka ishirini na zaidi, hana mnazi, na mzima."

Wanawake wakatazamana. Mke wa Mzee Nahodha akarudi kwenye mchele. Machano alikuwa amesimama chini ya baraza, anayasikia maneno yale yote, kamili, kila moja mahala pake, kama alivyokuwa akiyaomba.

Bi Kazija akameza. Akamega kipande cha pili.

"Kingekuwa kizuri kwa ndimu," alisema. "Ndani zimo?"

Machano akavua viatu, akaingia kumtazamia.